Moraa Aenda Kutazama Nusu ya Farasi

Nje ya duka la kahawa pale Weston Road, mtaa wa Mount Dennis, huku ughaibuni, kuna benchi la mbao ambalo halikuwekwa kwa ajili ya mtu yeyote, lakini lina wenyewe. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na jua la Mei likiwa limepasha moto ukuta wa matofali, utamkuta hapo Gaspard wa Bujumbura, anayeitwa Waziri kwa sababu zamani alikuwa karani wizarani na mpaka leo anaongea kama aliyewekewa maikrofoni. Karibu naye hukaa Dismas wa Moshi, jina la kijiweni Hamira: anafanya kazi kiwanda cha mikate, na habari ikipita kwake lazima iumuke. Jumapili moja ya mwaka tisini na saba, hao wawili hawakuzungumza vita wala baridi. Walikuwa wanamngoja Moraa, ambaye asubuhi hiyo alikwenda mashambani, nje kabisa ya jiji, kutazama farasi.

Moraa alikuwa Mkisii wa makamo, mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee huko huko mtaani. Utoto wake aliumalizia Molo, kwenye shamba la Mzungu ambako baba yake alihudumia farasi. Moraa ndiye aliyewachotea maji. Aliwajua wote kwa majina na kwa tabia, lakini mtoto wa kibarua hakupandishwa kwenye tandiko, hata farasi alipokuwa anatembezwa tu kunyoosha miguu. Akakua, akaolewa, akafiwa, akavuka bahari, na hamu ile hakumwambia mtu. Mpaka wiki iliyotangulia, alipoona tangazo gazetini: farasi jike wa kahawia, miaka tisa, mchangamfu, mpole, anafaa kwa anayeanza, mwenyewe anatafuta mtu wa kushirikiana naye. Maana yake, siku mbili kwa wiki Moraa angempanda na kumtunza kama wake, na siku zilizobaki farasi angekuwa wa mwenyewe. Kijiwe kilipoelezwa, Hamira aliuliza jambo moja tu: nusu atakayopewa ni ya mbele au ya nyuma.

Gari la Hussainali likaegeshwa mbele ya duka. Hussainali, mzee wa Kikhoja kutoka Arusha, ndiye aliyejitolea kumpeleka. Moraa akashuka na matope mpaka kwenye magoti. Waziri akampisha akae, akamkabidhi kikombe cha kahawa alichokuwa amemwekea.

— Haya, dada Moraa. Tupe ripoti.

— Hakuwa wa kahawia, Moraa akasema. Labda zamani. Sasa uso wote ni mvi.

— Mvi? Hamira akashtuka. Wa miaka tisa?

— Miaka tisa alikuwa nayo wakati mimi nanyonyesha mtoto wangu wa kwanza. Huyo ana ishirini na kitu. Jicho la kushoto lina ukungu. Ukimwendea upande huo bila kusema kitu, anaruka.

— Voilà, Waziri akasema, akiwageukia wapita njia kama wajumbe wa mkutano. Nilisema. Tangazo linasema mchangamfu.

— Uchangamfu wenyewe ndio huo wa kuruka, Hussainali akasema, akijibana mwishoni mwa benchi. Mimi nilimsogelea kumpa pole, nikajikuta nimekaa kwenye ndoo.

Moraa akatabasamu kidogo. Alikuwa amechoka, na kulikuwa na jambo kifuani mwake ambalo hakujua aanzie wapi kulitoa. Akanywa kahawa.

— Dada, umepigwa changa la macho, Hamira akasema. Huyo aliyetangazwa yupo, kafichwa nyuma ya banda. Wewe umeonyeshwa bibi yake.

— Hapana, Waziri akamkatiza. Fikiri kiserikali. Farasi wa tangazo aliuzwa zamani. Tangazo lilibaki gazetini kwa uzembe wa ofisi. Mwenye tangazo, kwa aibu, akakopa farasi wa jirani ili mgeni asirudi bure.

— Akope farasi chongo?

— Jirani gani atakukopesha mzima?

Hussainali akasafisha miwani yake kwa ncha ya shati. Yeye alikuwa na ushahidi, kwa hiyo walimsikiliza.

— Nilichokiona mimi ni hiki. Wakati wanamleta kutoka bandani, alifika getini akasimama. Hakuna gari, hakuna mtu. Kasimama tu, anatazama mbele. Muda ukapita, ndipo akavuka.

— Basi huyo alikuwa polisi, Hamira akasema papo hapo.

— Nani?

— Farasi. Polisi wa hapa si wanao farasi? Huyo amestaafu. Aliposimama getini alikuwa anangoja taa iwake kijani.

Waziri alitaka kubisha, kisha wazo likamnoga.

— Kama alikuwa mtumishi wa serikali, basi ana pensheni.

— Umeona sasa? Ndiyo sababu mwenyewe anataka mshirika. Anatafuta shahidi wa kuthibitisha kwamba farasi bado yu hai, ili pensheni isikatwe. Dada Moraa, siku mbili kwa wiki ni zako. Na pensheni ya siku mbili je?

Hussainali alicheka mpaka akakohoa. Moraa naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye viganja vyake. Aliwapenda watu hawa. Walikuwa wamekasirika kwa niaba yake, na hasira yao walikuwa wanaipikia vichekesho ili asione aibu ya kudanganywa. Ila kadiri walivyoendelea, ndivyo alivyozidi kukosa mlango wa kuingilia. Walikwisha kuyajadili meno ya farasi, wakajadili na kwato. Hamira sasa alikuwa anasema mvi zile ni chokaa, zimepakwa ili farasi asitambuliwe na mwajiri wake wa zamani.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama karibu na benchi akingoja basi, kashika mfuko wa nguo alizopewa kanisani. Asubuhi hiyo kanisani Waziri alikuwa amemsikia akijitambulisha mbele ya kusanyiko: Généreuse, kutoka Bukavu, mgeni kabisa jijini. Alikuwa amesikiliza muda wote kwa adabu. Hamira alipovuta pumzi, akamwinamia Moraa.

— Samahani, mama. Ile farasi, ulimupanda?

Hamira akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Hussainali.

— Mimi nilikuwa nimerudi garini, Hussainali akasema polepole. Nilikuwa nafuta suruali.

Hakuna mwingine aliyekuwa amemuuliza Moraa swali hilo. Wote wakamgeukia, naye akaweka kikombe chini.

— Nilimpanda, akasema.

Hamira akasogea ukingoni mwa benchi ili asikie vizuri.

— Mwenyewe ni mama mzee, nyonga imemwisha. Hawezi tena kupanda. Nilimwuliza kwa nini aliandika miaka tisa. Akaniambia, ningeandika ukweli nani angekuja? Nikamwambia, mimi ningekuja. Akaona haya, akageuka akawa anamsugua farasi shingoni. Akasema daktari wa mifugo amemruhusu kubeba mtu, mradi iwe kwa kutembea tu, na asichoshwe. Akauliza kama bado nataka. Nikamwambia mimi si mwepesi. Akasema, na farasi si mdogo.

— Ukapandaje? Hamira akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Juu ya kreti. Nilisema na farasi kwanza, nikisimama upande wa jicho zima, nikamwambia kwa Kikisii ninachotaka kufanya. Halafu nikajikuta juu. Mwenyewe akashika kamba, tukazunguka uwanja pole pole. Farasi alikuwa anasimama njiani, mimi namngoja. Akiwa tayari anakwenda.

— Na ilikuwa namna gani? Généreuse akauliza.

Moraa akafikiri. Wiki nzima kazi yake ilikuwa kubeba watu: kuwageuza kitandani, kuwainua kwenye kiti, kuwashika wasianguke bafuni. Angesema nini kuhusu kuhisi mgongo wa mwingine ukijaa pumzi chini yako, ukikuchukua? Angesema nini kuhusu baba yake, ambaye alimwona wazi kabisa mbele ya farasi, kofia mkononi, ingawa hakuwepo?

— Mimi huwa ndiye ninayebeba, akasema mwishowe. Leo nilibebwa.

Waziri aliinama akawa anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

— Kwa hiyo utamchukua, Hussainali akasema.

— Nimemwambia Jumapili tu, na kutembea tu. Siku akikataa kubeba, nitampiga brashi nirudi nyumbani. Na tangazo alitoe. Ameshanipata.

— Na daktari wa mifugo, Hamira akasema, ana hakika kweli? Kwa sababu ukungu wa jicho unaweza kuwa...

Hakumalizia. Basi lilifika, likafungua milango, Généreuse akalitazama, likaondoka bila yeye.

— Mimi sijawahi kugusa farasi, akasema. Watoto wangu nao hawajawahi. Wanaruhusu watu kuangalia?

— Nitamwuliza, Moraa akasema. Nadhani atafurahi. Hapati wageni.

Akasogea, na Généreuse akakaa katikati ya benchi, mfuko wake mapajani. Waziri akaingia dukani kuagiza kahawa nyingine. Hussainali akaanza kuhesabu viti vya gari kwa sauti, na Hamira akatangaza kwamba naye anakuja, kwa ajili ya usalama. Moraa alijinyoosha kidogo. Mapaja yalikuwa yanamuuma mahali ambapo hayakuwahi kumuuma tangu azaliwe, naye akatumaini maumivu hayo yatakuwepo bado kesho, atakapoamka kwenda kazini.