Sufuria Tatu za Edah Nasimiyu Wanzala (1968–2025)

Tarehe 9 Juni 2018, kikundi cha akina mama cha Mwangaza, hapa Malava, kilimfukuza Edah Nasimiyu Wanzala katika jiko la matanga. Hakuwa ameiba wala kumtukana mtu. Mwenyekiti, Mama Mitchel, alimwambia mbele ya waombolezaji: "Dada Edah, wewe unakuzanga ukungu kwa mchele. Hizo sufuria zako zikae kwako. Tumekuja kuzika mmoja, si wawili." Watu wakacheka.

Edah alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 huko Mautuma, kifungua mimba wa marehemu Mzee Masinde na Mama Rhoda. Tangu akiwa shule ya msingi alileta nyumbani panzi waliokufa wakiwa wamekumbatia majani, akitaka kujua ni nini kilichowawahi kabla ya kuku. Mwaka 1992 alihitimu shahada ya kilimo, akaajiriwa katika utafiti wa kuvu zinazoua wadudu waharibifu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2015.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Mwalimu Sydney Wanzala.

Viwavijeshi walipovamia mahindi yetu mwaka 2017, Edah alichemsha mchele katika sufuria zake tatu, akautia katika mifuko safi, akapanda kuvu humo. Ilipokomaa na kuwa vumbi la kijani, aliichanganya na maji, akanyunyizia mahindi jioni. Kuvu ikapenya ngozi ya kiwavi na kumla kutoka ndani. Sufuria zilichemsha mchele tu. Kuvu haikuzigusa kamwe. Alilieleza hilo kwa upole ambao sisi nduguze hatukujaliwa.

"Shemeji, wali unanukia mpaka barabarani," alisema Phanuel, nduguye Sydney, siku moja akinawa mikono. "Ni wa nani?"

"Wa kuvu."

"Huyo Kuvu ni mgeni gani wa kutupita sisi?"

Edah alicheka, akamwekea obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, pamoja na firigisi iliyokuwa ya mumewe. Mwalimu hajaisahau hadi leo.

Aprili 2022 viwavi walifika kwa Mama Mitchel. Edah alikwenda kunyunyizia mwenyewe, na mahindi yakapona. Kikundi kizima kikaja na ndoo. Walichukua kuvu, sufuria wakaziacha. Katika kila matanga Edah aliendelea kuketishwa kitini kama mgeni, nguo safi, mikono mapajani, akiwatazama wenzake wakikoroga.

"Ona Mama Mitchel anavyofuta machozi," alimwambia Sydney. "Namwonea wivu hata huo moshi."

Nasi tuliwaonea wivu waliovuna jasho la dada yetu, na leo wanamwita "Edah wetu." Alikuwa wetu kwanza.

Aliugua figo tangu Novemba 2023. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, hospitalini mjini Kakamega. Wapo walionong'ona kwamba ni ukungu. Daktari aliandika figo. Mnong'ono huo uzikwe leo pamoja naye.

Ameacha mumewe Sydney, watoto wao Tracy na Osundwa, mama yetu Rhoda, na sisi wadogo zake. Mungu ampe pumziko ambamo hakuna kikundi kinachoweza kumtoa.

Tangu Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, sufuria tatu za Edah zimo katika jiko la matanga haya, na anayezisugua ni Mama Mitchel.