Bahasha za Mwalimu Chirau

Marehemu Mwalimu Jared Chirau alizaliwa Mazeras tarehe 12 Machi 1968, kifungua mimba wa Mzee Chirau Mwero, mfanyakazi wa reli, na Mama Dama. Alisoma shule ya msingi papo hapo Mazeras, sekondari kisiwani Mombasa, na mwaka 1993 akapata shahada ya hisabati. Dada yake Priscah anasema alihesabu kila kitu tangu utotoni. Hata maharage sahanini hayakusalimika.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na Janet Nanjala, karani wa bandarini, wakafanya maskani Majengo.

Januari 2003 aliajiriwa Chuo cha Kisiwani kufundisha takwimu. Pale, kila mwisho wa muhula wanafunzi hujaza fomu pasipo kuandika majina: somo gani umelipenda zaidi, mwalimu gani, na kwa nini. Kila mwalimu hukabidhiwa fomu za darasa lake katika bahasha iliyofungwa. Bahasha ya kwanza Mwalimu aliifungulia mezani. Fomu ya juu ilisema: "Mwalimu huyu akisoma notisi, hata feni inasinzia." Janet alicheka hadi machozi. Mwalimu naye alicheka, kisha akasukuma sahani kando. Hakusoma ya pili, wala hakufungua bahasha nyingine maishani mwake. Alizitia sandukuni juu ya kabati, na Janet alipomsihi alijibu, "Niache, Mama Ashley. Hilo la feni lanitosha."

Ila notisi aliziacha. Akaanza kuwatoa wanafunzi darasani: wakahesabu malori Makupa, wakawahoji wageni langoni pa Ngome ya Yesu, wakazunguka Mji wa Kale kuhesabu milango ya nakshi.

Tangu 2019 alikuwa na shinikizo la damu, na dawa alimeza bila kukosa. Oktoba mwaka huu aliamua kustaafu mapema. "Wapate mwalimu wanayempenda," alisema, na Janet akamsahihishia barua. Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa moja asubuhi, alifunga kamba za viatu ili aipeleke, akaegemea kiti, asiinuke tena. Janet alikuwa jikoni akimimina chai. Mpaka sasa anamuuliza kila aingiaye, "Amekufaje, na chai yake ilikuwa ingali moto?"

Jumamosi, akitafuta kitambulisho cha marehemu, alilishusha lile sanduku. Bahasha arobaini na tano hazijaguswa. Alifungua moja, ya pili, ya kumi. Somo: takwimu. Mwalimu: Chirau. Somo: takwimu. Mwalimu: Chirau. Mmoja aliandika: "Nilichukia hesabu tangu darasa la nne. Sasa nahesabu kila mlango ninaopita." Yumna wa Mji wa Kale, mwanafunzi wake aliyekuja kuhani, alisema kwa sauti ndogo kwamba ndiye aliyeiandika. Janet aliketi sakafuni akapiga ukelele, "Baba Ashley, njoo usikie!"

Marehemu ameacha mjane, Janet. Watoto wawili, Ashley na Bonface. Dada yake, Priscah. Na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka ishirini na miwili. Barua ya kustaafu Janet ameichana. Wasifu huu ukiisha, atasogea karibu na jeneza amsomee fomu ya juu katika bahasha ya mwisho, ya mwishoni mwa Oktoba hii: "Tumesikia Mwalimu Chirau anataka kutuacha. Tafadhali, msimruhusu."

Mola ampokee, ampe pumziko la amani.