Mzee Abasi Feruzi, Mtunza Bakuli Aliyekataa Kufuta Jina

Mzee Abasi Feruzi anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 27 Juni 1913, baada ya kulitunza Bakuli la Mashindano ya Mitumbwi ya Rumonge kwa miaka kumi na minne. Kamati imeniagiza mimi, karani wake, niandike sifa zake katika karatasi hii ya sherehe, ziwe fupi na za kuchangamsha. Sifa nitaziandika, maana anazo. Uchangamfu wasinidai sana, kwa kuwa nimekasirika, na sababu yake nitaieleza humuhumu. Mwenyekiti hakuomba kuisoma kwanza. Hajawahi kusoma ninachoandika.

Abasi ni fundi wa shaba. Alivuka ziwa akiwa kijana, nyundo zake zikiwa ndani ya kikapu cha mama yake, akafungua kibanda nyuma ya soko. Mwaka 1899 marehemu Bakari, mfanyabiashara wa chumvi, alirudi kutoka Ujiji na bakuli la shaba. Alitangaza kwamba litakuwa la wapiga kafi sita watakaotangulia kufika Rumonge kutoka Magara. Tuseme kweli, lilikuwa bakuli dogo, na aliyeliuza alikuwa akilitumia kunyolea ndevu. Abasi aliitwa agonge majina sita ya washindi wa kwanza. Akaambiwa ni kazi ya asubuhi moja.

Mwaka wa tatu bakuli lilijaa majina ndani na nje. Wengine walitaka linunuliwe jipya. Abasi akafua pete pana ya shaba, akaiunga chini ya bakuli, majina yakaendelea. Leo lina pete tatu na linamfikia mtu mzima gotini. Mgeni akiliona kwa mara ya kwanza hudhani ni ngoma iliyopinduliwa.

Desturi zake tunazijua sote, na nyingi zimedumu kwa ukali wa Abasi. Ambaye hajashinda haligusi hata kwa kidole. Yeye mwenyewe hulibeba kwa kitambaa cheupe, kwa sababu hajawahi kupiga kafi na hajifanyi amepiga. Kila mshindi hukaa nalo nyumbani siku moja, na Abasi hukaa mlangoni siku hiyo nzima. Ugali wa muhogo umeliwa humo, samaki wa mukeke wameliwa humo, na watoto wachanga wasiopungua kumi wameogeshwa humo, mmoja wao akiwa mtoto wa Mwenyekiti wetu, ambaye hajashinda kitu. Abasi alifumba macho siku ile kwa heshima ya mtoto.

Mwaka 1904 homa ilimlaza Abasi, na washindi wa Kabezi wakalisahau bakuli uani kwa jirani. Alipopata nafuu alilikuta sokoni mbele ya Batuli, muuza mawese, limekuwa kipimo. Batuli hakutetereka. "Bakuli iko nzuri, haivuji," alimwambia. "Munaitupa inje, mimi ninaiokota. Kosa yangu iko wapi?" Wanunuzi walikuwa wamekwisha kukubaliana na kipimo kile, kwa hiyo Abasi alikaa kwenye kigogo akangoja mpaka tone la mwisho. Kisha alilisugua kwa majivu siku mbili. Mpaka leo husema kwamba shaba haijawahi kung'aa vile, na Batuli husema anamdai shukrani.

Sasa nifike kwenye mwaka 1908.

Mwaka ule mtumbwi wa Magara ulikuwa mbele kabisa mawimbi yalipoanza kuingia ndani. Rumonge ilikuwa inaonekana, watu wa ufukweni wanaonekana, ila maji yalikuwa yamewafika wapiga kafi vifundoni na mtumbwi umekuwa mzito. Amuri, aliyekaa nyuma, aliwaambia wenzake: "Nyinyi mupige tu. Mimi nitakuja na mikono." Akajitosa ili kupunguza uzito. Watano wakafika wa kwanza, wakashangiliwa, wakabebwa mabegani. Waliposhushwa ndipo wakageuka kumtafuta Amuri majini. Aliletwa na maji kesho yake.

Wazee walikaa wakaamua kwamba mtumbwi ulioshinda ulikuwa na watu sita, na majina sita yatagongwa. Abasi aliligonga la Amuri mwisho, polepole, kwenye pete ya tatu. Siku ya Amuri ya kukaa na bakuli alipewa mama yake, Sikuzani. Abasi alilipeleka Magara akidhani anakwenda msibani. Mama yule alikuwa amepika. Aliwaita wale watano, akawapakulia humo, akawaambia, "Mukule. Hii siku iko yake, musimuharibie." Hakuna aliyethubutu kulia mpaka chakula kilipokwisha. Tangu hapo, kila mwaka, Abasi hulipeleka kwake siku moja. Mama hajui kusoma. Abasi humshika kidole, akakiweka juu ya jina la mwanawe.

Kamati yetu tukufu ina watu wanane. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulowanisha goti kwa ajili ya bakuli hili. Mwezi wa tatu walisikia kwamba Bwana Mkubwa wa boma huenda akapita Rumonge Januari ijayo, kwa sikukuu ya Kaisari wa Wajerumani, na huenda akataka kuliona. Bwana Mkubwa hakuomba kitu. Ila wanane hawa waliona aibu ya kusimama kando ya shaba isiyowataja. Wakaamua majina yao yagongwe kwenye pete ya tatu. Nafasi iliyobaki haikutosha. Basi wakaamua mstari wa 1908 usuguliwe utoke, kwa hoja kwamba watu watano si kikosi kamili.

Niliandika uamuzi huo kwa mkono wangu, kwa kuwa ni kazi yangu, na niliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Watu watano! Huyo wa sita alikufa ili wao wawe wa kwanza, na leo kufa kwake ndiko kunakofanywa sababu ya kumfuta.

Abasi aliitwa akasomewa. Alikunja kitambaa chake cheupe mara nne, akajibu: "Hii mukono iliandika ile jina. Kuifuta haiwezi. Mutafute mukono ingine." Kisha akawaaga kwa heshima, akatoka.

Siku tatu baadaye alipewa barua ya kustaafu. Imeandikwa kwamba macho yake yamechoka. Macho! Mwezi uleule alimfulia mke wa Mwenyekiti bangili mbili zenye nakshi nyembamba kuliko unywele, na zikasifiwa barabara nzima. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuandikii barua kukusingizia upofu. Na mimi nikaambiwa nimvike kilemba cha ukoka kwa karatasi hii, watu wapige makofi, mambo yaishe.

Hayakuisha. Kamati ilimleta fundi mwingine kutoka Ujiji, kijana mstaarabu anayeitwa Amisi, nami nikaagizwa kumpokea na kumwonyesha mstari wa kufuta. Nilimpokea. Sikumwonyesha mstari. Nilimpandisha mtumbwini nikampeleka Magara kwa Mama Sikuzani, nikamwambia mama huyo kwamba ni fundi mgeni. Mama alimwandalia chakula. Walipomaliza kula alimuuliza kama yeye naye, Mzee Abasi akipumzika, atakuwa akimshika kidole. Amisi alitazama mkeka kwa muda mrefu. Juzi alipanda chombo cha Ujiji na nyundo zake zote. Kamati iliambiwa kwamba ameumwa tumbo. Nasema leo kwamba tumbo lake lilikuwa zima.

Kamati itatafuta fundi mwingine. Itafute. Ziwa ni refu na mafundi ni wengi. Kila atakayeletwa, karani atakayempokea ni mimi, na nitampitisha Magara kwanza. Wakitaka kunitoa kazini kwa sababu ya macho, barua wajiandikie wenyewe.

Mzee Abasi, wapiga kafi wa Rumonge, Magara na Kabezi wanakushukuru, wazima kwa marehemu. Umefundisha mji mzima kwamba kubeba kitu hakukufanyi kuwa mwenye nacho. Murakoze, Mzee wetu. Kibanda chako kipate kivuli, magoti yasikuume, wajukuu wakusumbue kiasi. Maisha yako yaliyobaki yawe mema kama ulivyokuwa mwema kwetu.

Nenda ukapumzike. Asubuhi hii, kabla ya kuandika mstari huu, nimepita kuliangalia bakuli. Jina la Amuri, baba yangu, lipo.

Athumani bin Amuri, Karani wa Kamati
Rumonge