Mtakatifu Asiyepatikana Jumamosi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Elisha Ogada anastaafu baada ya kuitumikia Studio ya Mwanga wa Bonde, hapa Nakuru, kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa kama dereva. Katika muda huo amekatwa kichwa mara tatu, amechomwa moto mara mbili na kuliwa na simba mara moja, na bado alirudisha gari kila jioni likiwa safi.

Uigizaji ulimwangukia katika mwaka wake wa pili, siku ambayo mwigizaji tuliyemlipa hakufika na mwelekezi wetu, Bw. Muiruri, akaziona ndevu za dereva. Tangu hapo filamu zetu za watakatifu wa Kikatoliki hazikuhitaji mtakatifu mwingine. Kwa Bw. Muiruri, mtakatifu hali chakula, hacheki, na hutazama juu kama mtu anayetafuta mahali paa linapovuja. Mzee Ogada aliyafanya hayo yote huku rimu ya baiskeli iliyopakwa rangi ya dhahabu ikimbana kichwani.

Ilituchukua miaka sita kugundua kwamba mtakatifu wetu ni Msabato. Hakuwa ameficha, sisi hatukuwa tumeuliza. Tulijua tu kwamba Jumamosi hapatikani, ndiyo maana wafiadini wetu wote waliuawa kati ya Jumapili na Ijumaa.

Akimaliza kufa, alipakia projekta garini na kuzipeleka filamu parokiani, kuanzia Olkaria hadi Kiamunyi, kisha akawarudisha akina mama wazee makwao. Hiyo haikuwa kazi yake, kwa hiyo hakuna aliyemshukuru.

Mwaka huu tulipiga filamu ya mtawa wa jangwani. Mzee Ogada alikonda kweli kweli. Akaacha hata kufuatana nasi Kikopey kula nyama. Bw. Muiruri alimsifu mbele ya wafanyakazi wote kwa kujitoa mhanga kwa ajili ya sanaa, nasi tukapiga makofi. Kila asubuhi tulimwuliza habari za nyumbani, akajibu nzuri, tukapita.

Mwezi Septemba aliipeleka filamu hiyo Kiamunyi, kwa jumuiya inayosali nyumbani kwa Mama Jeruto. Mezani alikuta bango letu limekatwa, uso wake umetiwa kwenye fremu, maua kando, mshumaa unawaka mbele yake. Kwa Msabato hilo si jambo la kuchekesha. Alirudi, akaiomba ofisi iiondoe picha ile kabla hajastaafu, asije akaacha watu wakimsujudia dereva. Ofisi ilichukua hatua mara moja: iliunda kamati. Kamati ilikutana, ikanywa chai, ikaona kwamba picha inaitangaza studio vizuri, ikaahirisha uamuzi mpaka Januari.

Wiki mbili zilizopita alichoka kungoja, akaenda mwenyewe. Mimi, Chepkemei wa uhariri, nilimsindikiza. Njiani alikuwa ameandaa hotuba ndefu juu ya amri ya pili, lakini alipofika mlangoni alisema tu kwamba yule pichani si mtakatifu, ni yeye, Ogada wa gari. Mama Jeruto alimshangaa.

“Ai, Mzee, kwani sisi hatuna macho? Si wewe hutuleta nyumbani filamu ikiisha? Si ulituambia Eucabeth wako ni mgonjwa wa figo, mara anaenda mashine, mara amelazwa? Hiyo mshumaa ni ya bibi yako. Hatuna picha yake, ndio tukaweka yako.”

Mzee Ogada alikaa kitini, akalia. Nami nililia, kwa aibu zaidi kuliko kwa huruma, maana ofisi nzima ya watakatifu haikuwa na habari. Kisha akatoa picha ndogo ya mkewe Eucabeth kwenye pochi, akaisimamisha kando ya mshumaa, na ile yake akaishusha kwa mikono yake mwenyewe. Kamati inaarifiwa kwamba haina haja ya kukutana Januari.

Zawadi yako, Mzee, tunasikitika kusema, ilikuwa imeshatengenezwa: ni picha ileile, kubwa zaidi. Itundike ikitazama ukuta. Asante kwa kila kifo ulichotufia. Mungu amjalie Eucabeth nafuu, nawe unenepe tena, hata Bw. Muiruri akikasirika. Jumapili moja tutawapitia hapo nyumbani, twende Kikopey sote. Tutakuuliza habari za nyumbani, na safari hii tutangoja jibu.