Bao la Dakika ya Themanini na Nane: Wasifu wa Baba Yetu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza baba, nasoma mimi binti yake wa pili, fundi cherehani. Kaka yangu aliandika wasifu mwingine, mzuri, wa nusu ukurasa. Nimeuweka pembeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tano wa seremala na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1956, na sekondari akaishia kidato cha pili baba yake alipofariki. Darasani hakuwa moto wa kuotea mbali, ila vipimo alivimudu, na mwaka 1968 akaajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mitano. Alizunguka madukani na sokoni na kisanduku chake cha mawe ya mizani, na hakumwonea mtu haya. Hata shemeji yake, mizani ilipopunja, alimfungia.

Ndivyo alivyompata mama. Mama aliuza maharage sokoni, na mizani yake ilikutwa inapunja kidogo. Baba akaifunga kwa lakiri isitumike. Ilipotengenezwa akarudi kuikagua, wiki iliyofuata akarudi tena, na iliyofuata tena. "Nikamwambia, kaka, kama shida ni mizani, ichukue uende nayo," mama husimulia. "Akasema shida si mizani." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu.

Sasa mpira. Mliozaliwa juzi mtaniwia radhi, mtadhani natia chumvi. Siku hizo mpira wa nchi hii ulikuwa dini. Harusi iliyogongana na mechi ilisogezwa. Kiongozi wa ibada aliyerefusha mahubiri siku ya fainali alibaki akiwahubiria viti. Shabiki wa timu ya kiwanda cha nguo hakumwozesha binti yake kwa shabiki wa timu ya karakana. Baba alipata beji ya uamuzi mwaka 1974, na uwanjani wakambandika jina la kazi yake, Mizani.

Jumapili tarehe 9 Oktoba 1983 alichezesha fainali, timu ya kiwanda cha nguo na timu ya karakana, mbele ya watu elfu arobaini. Dakika ya themanini na nane, hakuna aliyefunga, mshambuliaji wa kiwanda alipiga kichwa na kipa akaudaka mpira kwenye mstari wa goli. Umevuka au haujavuka? Baba alikuwa nyuma ya mabeki wawili warefu. Akaashiria mchezo uendelee. Karakana wakafunga dakika ya mwisho, wakabeba kombe.

Jioni ile umati ulikuja nyumbani kwetu. Jiwe lilipita dirisha la jikoni likampata mama usoni. Nilikuwa na miaka minne, nimeshika gauni lake. Jicho la kushoto halikuokoleka, na hakuna aliyekamatwa.

Siku ya kumi, mpiga picha wa gazeti alimletea baba picha ambayo mhariri wake aliogopa kuichapa. Mpira ulikuwa umevuka mstari, wote. Baba alitaka kwenda kutangaza siku hiyo hiyo. Mama, bandeji ingali usoni, akamwambia: "Ukisema walikuwa na haki, basi na jiwe lao lilikuwa la haki. Hilo hulisemi mimi nikiwa hai." Baba akaiweka picha kabatini. Hakuchezesha tena. Alinyamaza miaka thelathini na mitatu, na ukimya ule ulimla. Tulidhani ni ukali tu wa wazee.

Mpira nao ukawa unazimika. Karakana ilifungwa, timu ikafa nayo. Kiwanda kikauza mashine. Vijana wakahamia kwenye ligi za ng'ambo, wakawa wanatoana meno mbele ya luninga kwa ajili ya miji ambayo hawataikanyaga. Nusu ya uwanja ikawa yadi ya magari ya mitumba. Mwaka 2016 baba alimpeleka mama kwenye fainali. Tulikuwa watu sitini na mmoja, wauza maji wakiwemo. Mama aligeuza shingo yote kulitazama jukwaa la kushoto, kwa kuwa upande huo haoni. "Hawa ndio walionitoa jicho?" akauliza. Kisha akamwambia baba, "Nenda kaseme unachotaka kusema."

Alikwenda na picha yake kwa yule mshambuliaji, ambaye siku hizi ni mlinzi wa ghala la saruji. Nilimsindikiza mimi. Mzee wa watu aliitazama picha.

"Nilijua," akasema. "Ungesema wakati ule, Mizani, ningekuwa mtu. Sasa habari hii nimpelekee nani? Wajukuu zangu hawaamini hata kwamba nilicheza."

Akairudisha picha kwa adabu, akaenda kulifungulia lori geti. Baba aliandikia magazeti mawili na redio moja. Hakujibiwa. Aliendelea kusikiliza kipindi cha michezo kila jioni, akingoja, na mimi nilikichukia kile kipindi, nakichukia mpaka leo.

Agosti 2019 aligundulika na saratani ya tezi dume. Alivumilia sindano na safari za hospitali bila kulalamika, mpaka maumivu yalipoingia kwenye mifupa. Alifariki Jumatano tarehe 2 Februari 2022, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Aliniachia agizo moja, niseme mbele ya watu. Basi nasema: lile bao lilikuwa halali. Najua wengi wenu mtainamisha vichwa kwa heshima tu, hamjui ni bao gani, wala siwalaumu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Katika watu wa mpira amekuja mmoja, yule mlinzi wa ghala, aliyebadilishana zamu ili afike. Mama aliniruhusu kusoma haya yote kwa sharti moja, kwamba nisiseme amewasamehe wale wa jiwe. Sijasema. Mungu ampumzishe baba.