Kura Hai Iliyouawa Tubod-Bato

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu wa mvua. Aliye jikoni apunguze moto, aliye dukani aongeze sauti. Leo tunamkumbuka Mwalimu Eufrocina Magbanua wa kijiji cha Tubod-Bato. Amefariki Jumatatu, akiwa na miaka sabini. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Mwalimu Eufrocina, wa Tubod-Bato, miaka sabini. Anazikwa kesho saa tatu asubuhi, baada ya misa.

Kwa kawaida hapa redioni marehemu wetu tunawapaka asali. Mlevi anakuwa mcheshi, bahili anakuwa mtu wa mipango. Mnacheka, lakini mnajua nasema kweli. Leo siwezi kufanya hivyo, na si kwa kupenda kwangu. Mwalimu mwenyewe alikataza. Mwanawe Dario, fundi umeme, alikuja hapa juzi akiwa na macho mekundu, akaniambia: "Mama alisema wakimtaja redioni walitaje na lile la mwaka elfu mbili na saba. Wasipolitaja, wazime redio."

Basi tutalitaja.

Mwalimu Eufrocina alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na nane. Nusu ya mnaonisikiliza amewafinya masikio. Na kila uchaguzi ulipokuja alivua joho la darasa la tatu akavaa la mwenyekiti wa kituo cha kupigia kura, kama sheria yetu inavyowataka walimu. Walimu watatu kituoni: mwenyekiti, karani na mjumbe. Yeye alikuwa mwenyekiti tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Hakungoja siku ya kura. Wiki mbili kabla, kila Jumapili baada ya misa, aliwakalisha watu kwenye uwanja wa mpira wa kikapu akawafundisha sheria ya uchaguzi kama anavyofundisha kujumlisha na kutoa. Nani ana haki ya kupiga kura: mwenye miaka kumi na minane, aliyejiandikisha, aliyekaa hapa kijijini miezi sita. Nani anaweza kumsaidia asiyejua kusoma: ndugu wa karibu, au mtu anayemwamini wa nyumbani kwake, au mmoja wa wale walimu watatu. Wapi wino unapakwa. Kwa nini huruhusiwi kumwonyesha mtu karatasi yako hata kama ni mumeo.

"Hata mume wangu, Mwalimu?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Hasa mume wako. Namjua, nilimfundisha."

Huyo ndiye Mwalimu. Mkali, mcheshi, na aliogopa kitu kimoja tu duniani: kusemwa kwamba alipendelea.

Mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote alikuwa mama yake mzazi, Bibi Consorcia. Bibi huyu hakwenda shule hata siku moja. Kwa miaka hamsini alipiga kura kwa mkono wa mtu mwingine. Alinong'ona jina, mtu akamwandikia, naye akatia dole gumba. Siku moja alimwambia binti yake: "Mimi sijui wanaandika nini. Labda miaka yote hii nimemchagua yule mwizi." Alikuwa na miaka sabini na miwili. Eufrocina akamnunulia daftari. Ilichukua miaka miwili. Bibi alijifunza majina, herufi kubwa, penseli ikikandamizwa mpaka karatasi inatoboka. Na kila alipoanza kuandika, chochote kile, hata orodha ya sokoni, alichora kwanza msalaba mdogo pembeni. Hakuchora msalaba kwa ajili ya kujulikana. Alikuwa anaomba Mungu amsaidie kuandika.

Sasa twende mwaka huo wa elfu mbili na saba, mwezi wa kumi, uchaguzi wa kijiji. Wagombea wa ukuu wa kijiji walikuwa wawili. Kapitan Abundio Sarroza, aliyekuwa madarakani, na Bi Leonisa Tumaob, muuza mboga wa mtaa wa juu. Leonisa alikuwa anataka jambo moja. Bomba. Wanawake wa mtaa wa juu walikuwa wanashuka kilima asubuhi na jioni kuchota maji chemchemini, na Kapitan alikuwa anawaambia kwamba bomba liko njiani. Leonisa alisimama uwanjani akasema: "Kapitan, hilo bomba linakuja kwa miguu? Maana hata konokono angekuwa amefika."

Na Leonisa alikuwa kumare wa Eufrocina. Ndiye aliyembeba Dario kanisani siku ya ubatizo wake. Walikuwa wakiitana mare, wakichangia chumvi, wakigombana na kupatana kabla wali haujaiva.

Wasikilizaji, sheria yetu inasema mwalimu hawezi kukaa kituoni kama mgombea ni ndugu yake wa damu au wa ndoa, mpaka kizazi cha nne. Binamu yumo. Shemeji yumo. Kumare hayumo. Eufrocina aliisoma sheria hiyo, akaona anaruhusiwa, akakaa. Kisheria alikuwa sawa kabisa. Lakini huku kwetu nani asiyejua kwamba kumare anaweza kukushinda ndugu wa tumbo moja? Asubuhi ile hata kabla sanduku halijafunguliwa, wakala wa Kapitan, jina lake Hermenio, alikuwa anapiga domo mlangoni: "Leo mare anamhesabia mare. Tungebaki nyumbani tukalala."

Eufrocina alisikia. Akafungua sanduku, akawaonyesha watu wote kwamba ni tupu.

Saa tisa mchana kituo kilifungwa, kuhesabu kukaanza. Siku hizo za uchaguzi wa kijiji mpiga kura aliandika jina kwa mkono wake. Mwenyekiti alifungua karatasi, akasoma jina kwa sauti, na karani akapiga mstari ubaoni. Mistari mitano, fungu moja. Darasa lilijaa, watu wakachungulia madirishani. Leonisa, Sarroza, Sarroza, Leonisa. Mafungu yalikimbizana ubaoni.

Zilibaki karatasi chache. Eufrocina akafungua moja, akaisogeza karibu na macho.

Herufi kubwa. Penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. LEONISA TUMAOB. Na pembeni, msalaba mdogo.

Hermenio alikuwa ameshanyoosha shingo. "Alama! Kura ina alama! Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? Kura yenye alama ya kujulisha ni batili!"

Karani, mwalimu kijana anayeitwa Rosendo, alisema taratibu: "Mwalimu, huu si msalaba tu? Wazee wengi huandika hivi."

"Tena ndiyo alama yenyewe hiyo!" Hermenio akadakia. "Au kura za mare hazina sheria?"

Darasa zima likamtazama. Sheria, wasikilizaji wapendwa, inasema hivi: alama inaiua kura pale tu inapoonekana wazi kwamba mpiga kura aliiweka makusudi ili ajulikane. Nukta, mstari, msalaba wa mazoea, hizo hazina hatia. Shaka yoyote ni ya kuiokoa kura. Narudia, maana yeye mwenyewe alikuwa akirudia: shaka yoyote ni ya kuiokoa kura. Eufrocina alilifundisha hilo Jumapili mbili nzima. Na katika chumba kile ni yeye peke yake aliyejua kwa hakika msalaba ule ni wa nini.

Akasema: "Ni batili."

Rosendo akaishusha chaki. Mjumbe wa tatu akainamisha kichwa. Karatasi ikawekwa kando.

Hesabu ya mwisho: Sarroza mia moja sitini na tatu. Leonisa mia moja sitini na tatu. Sawa kwa sawa.

Kwa sheria yetu, wakilingana, inaamua bahati. Walichukua kopo la biskuti, wakatia karatasi mbili zilizokunjwa, moja imeandikwa, moja tupu. Leonisa alitangulia kuchukua. Akaikunjua. Akaigeuza upande wa pili, labda kuna kitu nyuma. Hakukuwa na kitu.

Eufrocina alipofika nyumbani alimkuta mama yake anakula uji wa mchele, amevaa bado gauni lake la kanisani.

"Yangu ilisomwa?" Bibi akauliza. "Nilimwandika Leonisa kwa herufi kubwa, hata kuku angeweza kusoma."

"Ilisomwa, Nanay."

"Ulijua ni yangu?"

"Nitajuaje? Kura ni siri."

Bibi akacheka, akaongeza uji. Alifariki miaka miwili baadaye, akijua kwamba ilisomwa.

Watu wa Leonisa walimwambia aende mahakamani mjini. Sheria inampa aliyeshindwa siku kumi za kupinga. Siku kumi tu, tangu mshindi atangazwe. Karatasi zingefunguliwa upya, hakimu angeuangalia msalaba ule. Leonisa alikataa. Maneno yake wanayakumbuka wengi, na Frosing ndilo jina alilozoea kumwita Eufrocina: "Frosing amesema ni batili. Basi ni batili. Mimi simpeleki mare wangu mahakamani."

Siku ya tatu Eufrocina alifungua kitabu chake cha sheria, akitafuta sentensi ya kumtetea. Aliipata sentensi, lakini ilimhukumu. Na ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu yake mwenyewe.

Zilibaki siku saba. Angeweza kupanda kilima akamwambia: mare, nenda mjini, nilikosea. Lakini alijiuliza hakimu atamhoji nini. Umejuaje nia ya aliyeandika? Ni kura ya nani? Mama yake angesimamishwa mbele ya watu. Na Hermenio angepata la kusema mpaka mwisho wa dunia: si niliwaambia, mare anampigania mare. Siku ya tano akavaa viatu, akavua. Siku ya nane akafika nusu ya kilima, akakutana na wanawake wanashuka na ndoo, akageuka nao kana kwamba alikuwa anashuka tangu mwanzo.

Alifika siku ya kumi na moja.

Aliyotuambia Dario, aliyasikia mwenyewe akiwa mlangoni. Mama yake alieleza yote, tangu msalaba mpaka kitabu. Leonisa alikuwa anafunga mafungu ya majani ya viazi. Hakusimama.

"Leo ni siku ya ngapi?" Leonisa aliuliza.

"Ya kumi na moja."

"Jana ungekuja, ungekuwa umenisaidia mimi. Leo umekuja kujisaidia wewe." Akafunga fungu jingine. "Nenda, Mwalimu."

Mwalimu. Hakusema mare. Dario anasema mama yake alishuka kilima akiwa ameshika ukuta wa nyumba za watu.

Bomba la mtaa wa juu lilikuja miaka sita baadaye. Miaka sita ya ndoo. Mgongo wa Leonisa mnauona ulivyo.

Baada ya hapo Mwalimu aliomba aondolewe uenyekiti. Wakamkatalia, wakasema hakuna mwaminifu kama yeye. Neno hilo lilimuumiza kuliko tusi. Basi kila walimu walipokusanywa mjini kufundishwa kazi ya kura, alinyoosha mkono, akasimama, akaanza hivi: "Mimi niliiua kura hai. Nilikuwa na akili timamu na kitabu mkononi." Kisha akawasimulia yote, bila kulitaja jina la mama yake mpaka Bibi alipofariki. Rosendo, ambaye sasa ndiye mwenyekiti pale Tubod-Bato, ananiambia: "Wengine walicheka mwanzoni. Mwisho hakuna aliyecheka. Alitufundisha kwamba woga wa kusemwa nao ni upendeleo. Unampendelea anayepiga kelele."

Na kila mwaka, siku ya sikukuu ya kijiji, alipanda kilima na sahani ya suman, ule wali wa kunata unaofungwa kwenye majani, aliyoipika mwenyewe. Alibisha kwa Leonisa. Kimya. Akabisha tena, akangoja, akaiacha sahani kizingitini. Kesho yake sahani ilirudishwa langoni kwake, imeoshwa, tupu. Ninyi mnajua huku kwetu maana ya kurudisha sahani tupu: sitaki ujirani nawe. Dario alikuwa anamwambia: "Mama, acha. Hataki." Naye anajibu: "Labda alikuwa shambani. Mboga hazijui sikukuu." Mwaka baada ya mwaka, labda alikuwa shambani. Mwaka jana magoti yalishakataa, akapanda akikaa kila penye jiwe. Alirudi akasema: "Shambani tena. Mwanamke yule atakufa na jembe mkononi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Dario, mkewe na watoto wao watatu. Pole kwa walimu wa Tubod-Bato na kwa darasa la tatu la miaka thelathini na nane. Mwakani tunapiga kura tena. Utakayekaa nyuma ya sanduku, ukishika karatasi yenye shaka, mkumbuke mwanamke huyu kabla hujafungua mdomo. Na wewe usiyekaa nyuma ya sanduku, fikiria una nani unayemhesabia siku alizochelewa kukuomba radhi.

Jana nilikwenda kwenye msiba. Bi Leonisa alikuwa jikoni, anakatakata mboga za waombolezaji, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Nilimuuliza kama ana neno la kusema hewani. Alivuta kitunguu kingine, akaendelea kukata.

"Usiseme kwamba nimesamehe," alisema, "maana sijui. Mwambie tu sikuwa shambani. Kila alipobisha nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, namsikia anavyohema."