Alhamisi Sita za Garland Pruitt

CORRIE: Haloo, haloo! Nani mwenzangu?

VERLIE: Mwenzako kweli, maana nasikia tuna mume mmoja.

CORRIE: Eti?

VERLIE: Verlie Pruitt, mke wa Garland. Yule mwenye pete.

CORRIE: Ah, Bi Verlie! Shikamoo. Sikuijua namba, nika—

VERLIE: Shikamoo yako iweke kando, nitaiitikia tukimaliza. Uko wapi?

CORRIE: Nimeegesha gari kanisani, huku juu. Nimetoka kazini, duka la dawa, sasa hivi, na hapa ndipo mtandao unaposhika. Kuna nini? Garland mzima?

VERLIE: "Garland." Hata Bwana Pruitt siku hizi haitwi. Mzima, mwanangu, mzima kupita kiasi. Leo asubuhi kanyoa ndevu. Tangu anioe, miaka ishirini na mbili, ndevu zile zinanyolewa Pasaka na siku za mazishi. Leo si Pasaka na hakuna aliyekufa. Leo ni Alhamisi.

CORRIE: Alhamisi ndiyo siku yetu ya—

VERLIE: Najua ni siku yenu. Hii ya sita. Anabeba viti viwili kutoka kwenye meza yangu, anavipeleka ghalani, mlango anaurudisha. Mimi nabaki hapa jikoni nachambua maharage kama mtumishi wao. Na jemu yangu ya tufaha je? Chupa mbili hazipo. Umeila?

CORRIE: Nimeila.

VERLIE: Ilikuwa tamu?

CORRIE: Tamu sana, Bi Verlie. Alisema wewe ndiye uliyesema anipe.

VERLIE: Mimi! Mimi nisingekupa hata ganda la tufaha!

CORRIE: Bi Verlie, nisikilize. Ananifundisha wimbo. Basi. Jumamosi kuna mkusanyiko wa waimbaji, atanikabidhi wimbo wa mama yake mbele ya watu. Bonde zima linajua.

VERLIE: Bonde zima linajua, na mimi nimeambiwa na mwanamke anayeniuzia mayai. Haya, kinachowafungia mlango ni nini? Wimbo una uchi?

CORRIE: Unajua nyimbo za huku zinavyofundishwa! Hakuna karatasi. Mwalimu na mwanafunzi wanakaa uso kwa uso, magoti kwa magoti, unamtazama mdomo mpaka—

VERLIE: Enhe! Magoti kwa magoti! Nimesubiri uliseme mwenyewe. Mdomo wa mume wangu unautazama saa mbili kila wiki. Mimi mkewe siukumbuki una umbo gani.

CORRIE: Mungu wangu. Mumeo ana miaka hamsini na sita na ananuka mbuzi!

VERLIE: Usimseme mume wangu!

CORRIE: Samahani.

VERLIE: Ananuka, lakini ni wangu.

CORRIE: Nina mchumba mimi. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, ana nywele kichwa kizima. Na wimbo wenyewe si wa kutongozana, Bi Verlie. Mtu anachinjwa mle.

VERLIE: Zote ndivyo zilivyo. Mnaziita nyimbo za mapenzi, na hakuna msichana anayefika ubeti wa mwisho akiwa hai. Lakini sikiliza, binti. Mwaka nilioolewa nilimwomba anifundishe ule wa mama yake. Akasema sauti yangu haifai. Nikaomba tena mama yake alipofariki. Akasema amesahau. Amesahau! Wakati kwa mbali namsikia anauimba kwa mbuzi! Nikiingia tu, ananyamaza. Mbuzi wanausikia, mimi nisiusikie.

CORRIE: [mtandao unakwaruza] —si hivyo, yeye—

VERLIE: Sema kwa sauti!

CORRIE: Nasema si kwamba hataki! Hawezi! Hata mbele yangu ilikuwa kazi. Akifika ubeti wa tisa analia.

VERLIE: Anafanya nini?

CORRIE: Nimeropoka. Tuyaache.

VERLIE: Corrie. Anafanya nini?

CORRIE: Analia. Machozi, kamasi, kila kitu. Tunasimama, anajifuta na kofia, tunaanza tena.

VERLIE: Mbele yako.

CORRIE: Sikumwomba alie.

VERLIE: Tulipomzika mama yake alisimama mkavu kama gogo. Tulipopoteza mtoto, yule mmoja tuliyejaliwa, nililia peke yangu mwezi mzima, yeye yuko nje anapasua kuni. Nikasema basi, ndivyo alivyoumbwa, chozi hana. Kumbe analo. Analipeleka ghalani kila Alhamisi kwa msichana wa duka la dawa.

CORRIE: Bi Verlie...

VERLIE: Afadhali ungelala naye! Wallahi afadhali, ningejua pa kuanzia!

CORRIE: Usiseme hivyo, tafadhali. Haikuwa kwa ajili yangu.

VERLIE: Ila kwa ajili ya nani?

CORRIE: Nimeapa nisiseme.

VERLIE: Umemwapia mume wangu.

CORRIE: Ndiyo.

VERLIE: Mkiwa magoti kwa magoti.

CORRIE: Ndiyo.

VERLIE: Basi nakuja huko kanisani sasa hivi nikiwa na aproni yangu, na nitakaa juu ya boneti ya gari lako mpaka useme. Mimi si mwepesi, nakwambia. Boneti itabonyea.

CORRIE: Jamani! Haya. Haya, subiri. Ule wimbo wa Sudie Marr unaujua, si ndiyo?

VERLIE: Nani asiyeujua. Sudie Marr, kapita msafiri asiye na jina, kamwua, kaenda zake. Kila mtu anauimba.

CORRIE: Hakuna Sudie Marr. Hajawahi kuwepo. Hilo ni jina la kuimbia watu. Wimbo wa ndani, huo wa mama yake, una jina la kweli la msichana, na la aliyemwua. Huo unafundishwa mtu mmoja tu, mzee akiona wakati umefika. Mama yake Garland aliupata kwa mama mkwe wake. Akamwapisha Garland kwamba wimbo usife na usitoke hadharani.

VERLIE: Usitoke kwa nini, kama ni wimbo tu?

CORRIE: Kwa sababu ni mmoja wao aliyeua.

VERLIE: Pruitt?

CORRIE: Babu yake Garland. Na usife kwa sababu... mama yake alisema yule msichana hana kaburi jingine. Wimbo ndio kaburi lake. Garland hana mtoto. Akaniambia, nikifa nao, nitakuwa nimemzika mara ya pili.

VERLIE: Kwa hiyo ameona haya. Hakutaka nijue nimeolewa na mjukuu wa mwuaji. Mjinga yule. Kwani huku kuna ukoo ambao babu hakupiga mtu risasi? Wangu walichoma hata ghala la mchungaji. Si angeniimbia tu? Huo ubeti wa tisa, uimbe.

CORRIE: Hapana. Huo siwezi.

VERLIE: Uimbe, mwanangu. Sikugombezi tena. Nataka nijue kinachomliza, nami nimliwaze. Hiyo ni kazi yangu, si yako.

CORRIE: Utaniahidi utakaa chini?

VERLIE: Nimekaa. Bakuli la maharage liko mapajani. Imba.

CORRIE: [mkwaruzo, kisha sauti nyembamba, bila haraka]
Ewe Hester binti Tolley, vaa shali twende zetu,
Harmon Pruitt akanena, kesho ni harusi yetu.
Alichimba shimo jana, nyuma ya kinu cha maji,
Hester yumo hadi leo, bila shada bila taji.

[Kishindo cha bakuli sakafuni.]

CORRIE: Bi Verlie? Upo? Nimesikia kitu kinaanguka.

VERLIE: Maharage.

CORRIE: Bi Verlie, ni—

VERLIE: Tolley ni sisi.

CORRIE: Najua.

VERLIE: Mimi ni Tolley kabla ya kuwa Pruitt. Hester ni dada yake bibi yangu mzaa baba, na bibi hakuolewa, baba alichukua jina lake la Tolley. Hester alikwenda magharibi na mtu wa reli! Ndivyo tulivyoambiwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akaondoka na shali la mama yake, asiandike hata mstari mmoja.

CORRIE: Nisamehe.

VERLIE: Bibi alikuwa anashuka hadi kwenye sanduku la posta kila siku. Mvua, theluji, anashuka. Umri sabini na kitu, meno hana, anashuka kuangalia barua ya dada yake. Na kila akirudi anamtukana. "Kaniona mshamba, huyo. Kapata nyumba nzuri huko akanisahau." Alikufa amemkasirikia, Corrie. Nilikuwa nimeshika mkono wake.

CORRIE: [analia kidogo] Sikujua habari za bibi.

VERLIE: Na Garland alijua lini? Usinifiche hata nukta.

CORRIE: Wiki ya harusi yenu. Mama yake aliposikia anaoa kwa akina Tolley, ndipo alipomketisha akamfundisha. Akamwambia chagua sasa, unamwoa au unaacha. Garland akasema angekufa bila wewe. Halafu... alisema, "Nitamtazamaje usoni, Corrie? Nitalitajaje jina lile nikimtazama macho yale?" Hiyo ndiyo sababu. Si sauti yako.

VERLIE: Akaja kuyatazama macho yako.

CORRIE: Yangu hayana ndugu mle kwenye wimbo.

VERLIE: Na hicho ndicho kinachoniua! Damu yangu, bibi yangu, mfu wangu mimi! Nimehesabu Alhamisi, nimenusa mashati, nikidhani unaniibia mume. Kumbe mnagawana kitu changu na sikuambiwa. Wewe umempata Hester kabla yangu. Umekaa naye wiki sita. Mimi nimelala kitanda kimoja na siri yake miaka ishirini na mbili!

CORRIE: Ulitaka nifanye nini? Nilipenda wimbo. Nilikwenda kujifunza wimbo!

VERLIE: Jumamosi huimbi.

CORRIE: Bi Verlie, nimeshatangazwa. Tena tungeimba ule wa Sudie tu, wa watu—

VERLIE: Huimbi Sudie, huimbi Hester, huimbi hata wa kubembeleza mtoto. Huo wimbo unarudi kwetu.

CORRIE: Garland hatakufundisha.

VERLIE: [mkwaruzo] Nyuma ya kinu. Umesema nyuma ya kinu.

CORRIE: Ndivyo ubeti unavyosema.

VERLIE: Kinu chenyewe kilishabomoka. Yamebaki mawe ya msingi, hapo nje. Nayaona kutoka dirishani. Nilitaka kupanda maharage pale mwaka ule wa kwanza, udongo mweusi mzuri. Garland akaniambia pana mawe mengi, utavunja jembe. Anafyeka nyasi zake mwenyewe, kwa mkono, polepole. Nikadhani anafanya uvivu.

CORRIE: Bi Verlie, usitoke peke yako. Mngoje. Au mimi nakuja, naanza kuwasha gari—

VERLIE: Usije. Leo usije, nakuomba kwa heshima. Marahaba, mwanangu.

CORRIE: Nini?

VERLIE: Ile shikamoo yako. Marahaba.

CORRIE: Bi Verlie! Usikate! Haloo? [kishindo cha mkono wa simu ya waya ukigonga ukuta, mlango unabamizwa] Haloo! Nasikia, hujakata! Bi Verlie! [mkwaruzo] Ee Mungu, simu yangu nayo inazima. Haloo?

[Muda. Hatua nzito.]

GARLAND: Verlie? Mbona simu inaning'inia? Na maharage sakafuni... Haloo, nani huyu?

CORRIE: Garland, ni mimi.

GARLAND: Corrie? Unachelewa, viti nimeshavipeleka. Mke wangu kapatwa na nini? Nimepishana naye hapo mlangoni, kashika beleshi, hakunitazama hata—

CORRIE: Kaelekea wapi?

GARLAND: Kule kwenye mawe ya... Corrie. Umemwambia nini?

CORRIE: Nimemwimbia.

GARLAND: [hatua nzito hadi dirishani]

CORRIE: Garland? Nimebakiza chaji kidogo sana. Unanisikia? Anafanya nini sasa?

GARLAND: Namwona dirishani. Amevua aproni. Anachimba.

CORRIE: Basi usisimame hapo. Chukua sururu, kamsaidie.

GARLAND: Atanipasua kichwa.

CORRIE: Labda. Nenda hivyo hiv—